Maua ya Msimu: Kwa Nini Tununue ya Nyumbani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikiyatazama maua ya mashamba yetu, naona methali hiyo imeshindwa, maana vizuri hivi vinakosa wanunuzi papa hapa nyumbani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ua la mmea, wingi maua, limo katika ngeli ya LI-YA. Tusilichanganye na ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Likiwa bado limefumba huitwa tumba, na maua yakifungwa pamoja huwa shada. Maua ya msimu ni yale yanayokuzwa nje penye jua na mvua, yakachanua wakati wake ufikapo.

Kenya ni mojawapo ya nchi zinazouza maua mengi sana Ulaya. Mengi ni mawaridi yanayokuzwa ndani ya nyumba za plastiki, hasa kule Naivasha. Hukatwa yakiwa matumba, yakatiwa kwenye baridi, kisha yakasafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na kwingineko. Biashara hii huleta pesa za kigeni na kuajiri watu wengi. Lakini mwezi wa Machi 2020, Korona ilipoyumbisha masoko ya Ulaya, maua mengi yalitupwa na wafanyakazi wengi wakarudishwa makwao. Ua halihifadhiki ghalani kama mahindi. Lau sisi wenyewe tungekuwa na mazoea ya kununua maua, je, si angalau sehemu ya mzigo ule ingepata mwenyewe?

Wenzetu wa Pwani wanayo mazoea hayo tangu jadi. Asumini huchumwa jioni yakiwa matumba, yakatungwa uzini au yakafungwa pamoja na mrehani kuwa kikuba. Usiku huo huo hufunguka, nyumba nzima ikanukia. Anayechuma na anayevaa huenda wakawa wa mtaa mmoja, wala hakuna haja ya ndege!

Sisi wa bara nasi tunayo yetu. Shangazi yangu hupanda alizeti na gladiola kando ya mahindi mvua ya masika inapoanza. Baada ya kama miezi mitatu huyakata na kuyapeleka steji kwa ndoo. Mimi humsaidia siku za Jumamosi, na huwaona watu wakitupita kwenda dukani kununua ya plastiki, eti hayo yanadumu. Pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni hutoka katika ndoo hiyo, kwa hivyo sipigi domo tu.

Ni kweli, la plastiki hudumu. Lakini hata la shamba hukaa siku kadhaa likitunzwa hivi:

1. Likate asubuhi kabla ya jua kali, na ulitie majini mara moja.
2. Kata shina kwa mshazari, ili lisikae bapa chini ya chombo likashindwa kunywa maji.
3. Ondoa majani yote yatakayozama, kwani huoza na kuchafua maji.
4. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na ukate ncha ya shina kidogo tena.
5. Usiliweke karibu na ndizi zinazoiva. Hizo hutoa hewa inayolinyausha ua upesi.

Aidha, gladiola huchanua kutoka chini kwenda juu. Ukinunua, chagua ambayo matumba ya chini ndiyo kwanza yanafunguka. Hayo mengine yatakufungukia nyumbani.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni hili: siku ya kutoa zawadi, meza ya wageni ipambwe kwa maua ya msimu kutoka mashamba ya wazazi na majirani zetu. Tufanye vivyo hivyo katika arusi, na hata matangani. Tukianza na mashada machache, mkulima atajua kwamba anaye mnunuzi wa karibu, na msimu ujao atapanda mstari mmoja zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.