Namna ya Kuchagua Cherehani cha Nyumbani



Wengi wetu hapa Mafia tunavaa sare zilizoshonwa nyumbani au barazani kwa jirani. Kwa hiyo nataka kueleza namna ya kuchagua cherehani, maana nyumbani kwetu tulijifunza jambo hili kwa hasara.

Mama yangu hushona ili mimi nisome. Tunakaa chumba kimoja cha kupanga Kilindoni. Mara nyingine hupanda gari hadi Utende, kisha mashua hadi Chole, kuwashonea ndugu zake. Mwaka juzi alivunja kibubu, akanunua cherehani cha umeme cha mtumba, chenye mishono mingi ya mapambo. Tulipokichomeka kilinguruma mara moja, kikatoa moshi, kikafa. Fundi alikigeuza akatuonyesha maandishi madogo: volti 110. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Fedha ile ilikuwa ya madaftari na viatu vyangu. Mama hakusema neno, ila usiku ule alishona kwa mkono mpaka alfajiri.

Tangu hapo tuliazimia kuuliza maswali manne kabla ya kutoa fedha.

Kwanza: Nitashona nini? Sare, mashuka na pindo za kanga huhitaji mshono ulionyooka tu. Uzi wa juu hupita katika tundu la sindano, uzi wa chini hutoka katika bobini, nazo hufungamana ndani ya kitambaa. Elias Howe wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wa cherehani cha mshono huo mwaka 1846, na Isaac Singer akapewa yake mwaka 1851. Mpaka leo mshono huo ndio unaoshona sare zetu. Kila pambo linaloongezwa huleta vyuma vingine vya kuharibika.

Pili: Nani atakibeba? Vyerehani vingi vya zamani ni vya chuma cha kalibu, navyo ni vizito. Mwaka 1933 kampuni ya Singer ilitoa cherehani kidogo cha alumini, kiitwacho Featherweight, chenye uzito wa kilo 5 hivi, nacho kilishona vizuri. Basi uzito si dalili ya ubora. Hata hivyo, kilicho chepesi mno huweza kurukaruka mezani ukishona kitambaa kizito. Kinyanyue, utembee nacho hatua ishirini. Ukishindwa, hutaweza kushuka nacho kwenye mashua.

Tatu: Kinapiga kelele? Toa uzi, inua mguu unaobana kitambaa, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Sauti iwe moja, ya kulingana. Ukisikia vyuma vikigongana, pengine sindano imepinda, parafujo imelegea, vumbi la nyuzi limejaa chini, au mafuta yamekauka. Nyumbani, kunja blanketi ukiweke juu yake. Mtikisiko wa meza utapungua.

Nne: Kikikwama, nitaweza kukifungua mwenyewe? Sisi tumezungukwa na bahari, na hewa ya chumvi hula chuma. Kipuri kikikosekana hapa, sharti kingoje chombo kutoka bara. Chagua kile ambacho sindano na bobini zake zinauzwa katika maduka ya karibu. Kila jioni futa vumbi kwa brashi, tia tone la mafuta penye matundu yake, kisha kifunike kwa kitambaa kikavu.

Mama alipata cherehani kidogo cha mkono, kilichotumika, kisichohitaji umeme kabisa. Muuzaji alimsifia kingine kinachong'aa. Mama akatoa mkobani kipande cha kaki na uzi wake, akashona mbele yake, akatazama mshono juu na chini, ndipo akalipa. Wahenga walisema, rahisi ghali. Nami naongeza kwamba hata chenye urembo huweza kuwa ghali.

Sare niliyoivaa Januari ilishonwa na cherehani hicho. Usiku mimi husoma upande mmoja wa meza, mama hushona upande wa pili, na mdogo wangu hulala palepale asiamke. Ndugu msomaji, ukienda kununua chako, chukua kitambaa chako na uzi wako, wala usione haya kuuliza.