Setilaiti ya Uhuru na Istilahi Zetu
Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, miale ambayo angahewa huizuia isitufikie. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, kikiwamo Cygnus X-1, kinachotambuliwa leo kuwa na shimo jeusi.

Jina tulilitoa, maelezo ya utafiti wenyewe yakabaki Kiingereza. Ajabu ni kwamba eksirei si neno geni: mgonjwa wa kifua hulitaja hospitalini bila taabu. Tena, maradhi yalipotulazimu, upungufu wa kinga mwilini ulizaa UKIMWI, neno ambalo mkulima na daktari hulitumia sawia. Je, istilahi za falaki nazo zingoje balaa? Mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa fizikia hula ukumbi mmoja, kila mmoja na meza yake.