Dondoo muhimu: Kuisoma Python kutoka ndani

Kuona msimbo wa maktaba sanifu, andika import inspect, heapq kisha print(inspect.getsource(heapq)). Ukijaribu kwa len utapata kosa tu, maana imeandikwa kwa lugha ya C. Itafute kwenye msimbo chanzo wa CPython.

Anza na heapq.py. Usiyaruke maelezo yenye alama ya #, hasa yaliyo juu ya _siftup: yanafafanua kwa nini kipengele hushushwa hadi chini kabisa ndipo kipandishwe, badala ya kusimamishwa njiani. Njia hiyo huonekana ndefu, lakini hupunguza ulinganishaji.

Kuhusu upangaji, soma listsort.txt ya Tim Peters, iliyomo pia kwenye msimbo chanzo wa CPython. Ni ndefu, andaa kahawa. Majina yanayoanza na mstari-chini, kama _siftup, yasome tu, usiyaite kwenye programu yako: yanaweza kubadilishwa bila taarifa.