Kuchagua taa ya tangi la samaki lenye mimea isiyotaka mwanga mwingi

Mara nyingi hapa tunaongea mahindi, nyuki na mabwawa ya sato. Leo tuingie sebuleni, kwenye tangi la kioo la samaki wa mapambo lenye mimea ndani. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Tabora mjini alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, majani ya kwenye tangi langu yanageuka njano. Nifanyeje?" Nikajibu haraka bila kwenda kuona: "Mama, hiyo ni njaa ya mwanga. Ongeza taa."

Tangi lake ni la lita 60. Akanunua taa kubwa ya kumulika uani, ya wati 50, akawa anaiwasha kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Wiki ya tatu maji yakawa kijani kama mlenda. Asubuhi moja akakuta samaki 14 kati ya 20 wamekufa, na waliobaki wanahema juu ya maji. Nilipofika hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Afisa, si ulisema niongeze?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika somo hili.

Mwanga ni mbolea

Mkulima anajua kwamba ukimwaga mbolea nyingi kuliko mahitaji ya mahindi, magugu yanashangilia. Mwanga kwenye maji ni vilevile. Ule ambao mimea yako haiwezi kuutumia utatumiwa na mwani, yaani vile viumbe vidogo vya kijani.

Kwenye bwawa la sato tunautafuta huo ukijani, maana ni chakula cha asili. Kwenye tangi dogo ni hatari. Mchana mwani unatoa oksijeni, lakini usiku nao unavuta oksijeni kama samaki. Ikifika alfajiri imebaki kidogo sana. Ndiyo maana samaki wa yule mama walikufa kabla hakujapambazuka.

Hatua ya 1: Angalia mimea kabla ya taa

Ukienda Kwihara, upande wa njia ya zamani ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, utakuta miembe mikubwa ya siku nyingi. Panda mahindi chini ya mwembe kama ule: yatarefuka na kukonda. Panda magimbi: yanaendelea na maisha. Mimea ya majini nayo ina mahindi yake na magimbi yake.

Yule mama alikuwa ameletewa yungiyungi kutoka bwawani. Yungiyungi ni mmea wa jua kali, sebuleni lazima usononeke. Kwa hiyo shida ya kwanza ilikuwa mmea, na mimi nikaitibu kwa taa.

Kwa mwanga hafifu chagua hii:
- Anubias, asili yake Afrika Magharibi na ya Kati. Una majani magumu na unakua polepole. Ufunge kwenye jiwe au gogo, usifukie shina lake.
- Vallisneria, majani marefu kama utepe. Huu unaota hata Ziwa Tanganyika, kule misafara ilikokuwa ikiishia.
- Ceratophyllum, mmea laini usio na mizizi, unaelea tu. Nao upo kwenye maziwa yetu.

Usiingie bwawani mwenyewe kuchuma mimea. Konokono wa kichocho wanaishi humo humo. Na ukipunguza mimea ya tangi, iache ikauke juani, usiitupe mtoni wala bwawani. Gugu maji la Ziwa Victoria limetufundisha vya kutosha.

Hatua ya 2: Hesabu lumeni, usihesabu wati

Wati zinakuambia taa inakula umeme kiasi gani. Lumeni zinakuambia inatoa mwanga kiasi gani, nazo zimeandikwa kwenye boksi. Kwa mimea niliyotaja, anza na lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita.

Pima tangi kwa sentimita: urefu × upana × kina cha maji, gawanya kwa 1,000. Mfano: 60 × 30 × 33 ni 59,400, yaani karibu lita 60. Linahitaji lumeni 600 hadi 1,200. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9 inatoa kama lumeni 800. Inatosha! Boksi la ile taa ya mama liliandikwa lumeni 4,000, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu.

Tangi lenye kina kirefu hupoteza mwanga kabla haujafika chini, kwa hiyo sogea karibu na lumeni 20.

Hatua ya 3: Rangi ya mwanga

Chagua nyeupe ya mchana, iliyoandikwa 6500K. Ya njano ya 3000K nayo inaotesha mimea, ila maji yataonekana kama chai. Zile taa za zambarau za kuoteshea miche huzihitaji hapa.

Hatua ya 4: Saa za kuwasha

Anza na saa 6 kwa siku. Baada ya wiki mbili, kama majani mapya yanatoka na kioo unakifuta mara moja tu kwa wiki, unaweza kufika saa 7 au 8. Usizidishe. Kifaa cha kuwasha na kuzima chenyewe kinasaidia sana.

Umeme ukikatika siku nzima, mimea hii haitakufa. Usifidie kwa kukesha na taa. Na gharama? Wati 9 kwa saa 8 ni kama uniti 2 kwa mwezi.

Hatua ya 5: Mahali na usalama

Weka tangi mbali na dirisha lenye jua, maana jua hulizimi kwa swichi. Taa ikae juu ya kifuniko cha kioo. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Tulivyolirekebisha

Tulizima taa siku tatu huku pampu ya hewa ikifanya kazi usiku na mchana, tukabadilisha theluthi ya maji. Tukaondoa yungiyungi, tukaweka Vallisneria na Ceratophyllum, na balbu ya wati 9 kwa saa 6. Mwezi uliofuata maji yalikuwa yanaonekana hadi chini, na wale samaki sita wakawa wameanza kuzaa.

Ile taa kubwa sasa inamulika geti la wageni. Na mimi nikipigiwa simu kuhusu majani ya njano, siku hizi nauliza kwanza: ni mmea gani, tangi ni lita ngapi, taa inawaka saa ngapi? Nawe jiulize hayo kabla hujaenda dukani.