Ndege wa Kwamkoro, na Njia ya Kuwaendea

Wengi waniulizao habari za safari ya kutazama ndege huwa wamekwisha kuamua, hata kabla ya kuuliza, kwamba mahali pa kwenda ni nyikani, kwa sababu nyikani ndege ni wakubwa, mwanga ni mwingi, na gari humfikisha mtu hadi chini ya mti aliotua tai. Mimi sina ubishi juu ya uzuri wa nyika. Walakini nashikilia kwamba mtu mwenye siku kama sita za kutumia sharti aipe nusu yake milima ya Usambara Mashariki, na hasa ile sehemu ya chai na msitu iitwayo Kwamkoro, wilayani Muheza, iliyo mbele kidogo ya Amani. Huko ndege ni wadogo, wamejificha, na aghalabu husikika pasipo kuonekana. Lakini baadhi yao hawapatikani duniani ila katika milima hii na mingine michache, ilhali tai wa nyikani utamwona Tsavo, utamwona Serengeti, na utamwona hata ukiwa umeketi ndani ya basi la Arusha.

Kwanza niondoe utata mmoja. Watu wakisikia Usambara hudhani ni Lushoto peke yake. Usambara ni mbili, na bonde la Lwengera limezitenga: ya Magharibi, ambamo mna Lushoto, ni ndefu zaidi na yenye baridi kali; ya Mashariki ni fupi, lakini imeikabili bahari, nayo hupokea mawingu ya Bahari ya Hindi kabla hayajamwaga maji yake kwingine, hata Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu anayetaka kujua kwa nini kuna ndege wa Kwamkoro wasioonekana Lushoto, na wa Lushoto wasioonekana Kwamkoro, aanze na bonde hilo na urefu wa milima hiyo, kwani ndege wa msitu mnene haoni sababu ya kuvuka uwanda wenye joto na mashamba ili kwenda kutembea kwa jirani.

Ushauri wangu ni kuianza safari baharini. Tanga pana mikoko na mashamba ya chumvi, na katika majira ya kaskazi, yaani tangu Novemba hata Machi, fukwe zile hujaa vitwitwi na sululu waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Na pamoja nao, ukiwa na sudi, utamwona yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaa katika pwani za Uarabuni na za Ghuba, kisha huja kwetu katika msimu ule ule uliokuwa ukileta majahazi. Siwekei pwani siku nyingi. Alfajiri moja, maji yakiwa yanakupwa, yatosha kuzoeza mkono darubini na jicho masafa. Kwa maana ndege wa matopeni husimama wazi, humpa mwanafunzi nafasi ya kutazama miguu, kisha mdomo, kisha bawa, na kuandika kila kitu katika daftari kabla ya kufungua kitabu. Asiyejifunza utaratibu huu mahali penye mwanga hataupata gizani.

Na habari za vyombo nizimalize hapa. Darubini iwe ile ikuzayo mara nane, si zaidi, kwa kuwa msituni mwanga ni haba na kila mtetemeko wa mkono hukuzwa pamoja na ndege. Chukua kitambaa kikavu cha kufutia vioo, maana ukungu wa Amani hauna huruma. Vaa nguo za rangi ya majani au ya udongo, na viatu vya buti ambavyo utachomekea suruali, kwa hadhari ya siafu. Miezi ya masika, Machi hata Mei, iache, si kwa ajili ya ndege bali kwa ajili ya barabara.

Kutoka Muheza barabara hupita vijiji na michungwa hata Sigi, penye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Hapo ndipo ulipapo ada, kwa namba ya malipo ya serikali na si kwa fedha mkononi, na hapo ndipo upatapo mwongozaji. Pana nyumba ya zamani ya kituo cha reli, kwani Wajerumani walileta reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi. Wageni wengi hupiga picha ile nyumba, hutia saini, hupanda juu. Usifanye hivyo. Msitu wa Sigi ni msitu wa chini, wenye joto, na wamo ndege wasiopenda kupanda. Laiti ungekaa asubuhi moja tu kando ya mto, ungemsikia kulukulu akikoroma katika vilele, kisha ungemwona akivuka njia kwa mabawa mekundu kama kanga mpya ya sikukuu, na ukijaaliwa ungekiona pia kile kilemba chake chekundu. Upande huu wa chini ndiko kuishiko na kale kabundi kadogo kanakojulikana sana katika msitu wa Arabuko-Sokoke wa Kenya.

Amani yenyewe ina historia isiyotengana na elimu ya ndege wa Afrika Mashariki. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya mimea na kilimo hapo mwaka 1902, na mtaalamu wao wa wanyama, Julius Vosseler, ndiye aliyeachiwa jina katika yule bundi mkubwa wa Usambara, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1908. Chini ya Waingereza alikuja Reginald Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928 kushika kazi za ofisi na za maktaba, akaondoka katika miaka ya 1940 akiwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa ndege wa bara hili. Lakini Moreau hakuwa peke yake msituni. Alikuwa na Salimu Asmani, mtafutaji wake wa ndege na wa viota, pamoja na wenzake waliokesha na kushinda chini ya miti wakihesabu mara ngapi mzazi ameleta chakula. Na kazi mashuhuri juu ya kuzaa kwa hondohondo, iliyochapwa mwaka 1941 kwa majina ya Moreau na mkewe Winifred, haingepatikana pasipo stahamala ya watu wa namna hiyo. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo vijana wa kwetu wanaodhani kutazama ndege ni mchezo wa wageni.

Sasa Kwamkoro. Sifa yake kubwa ni kwamba chai na msitu hukutana hapo ana kwa ana, pasipo ukanda wa kati: upande huu ni mraba wa chai uliokatwa sawasawa kiunoni pa mtu, upande wa pili ni ukuta wa miti mirefu iliyovikwa kuvu na mizabibu ya mwituni. Mtazamaji asimame katika chai na kuutazama ukuta. Ukiwa ndani ya msitu, shingo huuma na huoni ila matumbo ya ndege. Ukiwa nje, vilele huja usawa wa macho, hasa penye mteremko, na jua la asubuhi huangaza maua wanayoyapenda chozi. Hapo utafute wawili: chozi wa Amani, mdogo mno, mwenye kichwa cheusi kinachometa na tumbo jeupe, na yule wa kijani mwenye utepe mwembamba mwekundu kifuani. Wote wawili hukaa juu kabisa, hawatulii, na hawana sauti kubwa. Chagua mti mmoja uliochanua, uutazame saa nzima. Anayehama kutoka mti huu hata ule hupata majani.

Kadhalika ukingo ule wa mizabibu iliyosongamana ndio makazi ya ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, aliyepewa jina la Moreau mwaka 1931, na ambaye ni miongoni mwa ndege adimu wa Tanzania. Hana uzuri wa kumwambia mtu. Wimbo wake ndio umtambulishao, na usipoujua utampita mara mia. Basi usikilize nyumbani kabla ya safari, katika simu au vinginevyo, lakini ukifika pale izime simu, kwani kumpigia ndege huyu sauti ya mwenziwe tena na tena ni kumtoa katika kiota chake kwenda kupigana na adui asiyekuwapo.

Ndani ya msitu kanuni ni nyingine. Utatembea nusu saa ukidhani msitu ni mtupu, kisha ghafula miti itajaa: shore wa msituni, vigong'ota, walaji wa wadudu wa kila namna, na mramba mweusi akiwafuata. Ndege hawa huenda pamoja kwa faida. Mmoja humfukuzia mwenzake mdudu, na macho mengi humwona kipanga mapema. Kundi likija, simama palepale, usilikimbilie, anza kutazama walio chini kabla hujainua uso, kwa kuwa wa juu watakawia na wa chini watapita.

Hondohondo mwenye mashavu ya fedha hahitaji kutafutwa. Mabawa yake huvuma kabla hajaonekana, na dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Jike hujifungia katika tundu la mti kwa udongo, akabaki na ufa wa kupokelea matunda. Mama mmoja mchuma chai aliniambia, pasipo kuacha kuchuma: "Mwanangu, huyo dume huja pale mkuyuni gari la majani likishaondoka. Wewe ngoja gari." Nikangoja gari, akaja. Hata hivyo hondohondo huyu ana jambo ambalo wahifadhi hulizungumza kwa huzuni: hula matunda ya Maesopsis, mti wa asili ya upande wa Bukoba ulioletwa Amani na Wajerumani, kisha ukapandwa kwa wingi Kwamkoro baada ya ukataji wa magogo, na kwa kutawanya mbegu zake ameusaidia kuuvamia msitu uliomlea.

Chai ni mahali pa kazi ya watu. Pita kwanza ofisi ya shamba uombe ruhusa, wape shikamoo wakubwa, usimpige mtu picha kwa kisingizio cha ndege aliye nyuma yake.

Usiku mmoja utoe kwa bundi wa Vosseler. Huita kwa mvumo wa chini ambao mgeni huudhania mashine ya mbali, na mwenge asiwashiwe ila kwa kitambo. Pwani na bara twajua yasemwayo juu ya bundi na mikosi. Kijana aliyeniongoza alinong'ona, "Kaka, nyumbani mama hataki nimtaje usiku. Kazini namtaja."

Baada ya Kwamkoro yaliyobaki ni mepesi. Shuka Muheza, upite Korogwe na Mombo, upande Lushoto; katika msitu wa Magamba, mahali pengine juu ya mita 2,000, yumo yule ndege mdogo wa chini ya vichaka asiyejulikana popote nje ya Usambara Magharibi. Kisha telemka Same uingie Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, linaloshikana na Tsavo. Bwawa la Dindira litakupa ndege wa maji, na katika vichaka vikavu tafuta kanga mwenye shingo tupu na kifua cha buluu. Siku moja yatosha, kwa maana kila kitu ki wazi. Na zikipungua siku, hiyo ndiyo ya kukata, si za Kwamkoro.

Na mwongozaji wa Amani mlipe siku kamili hata mvua ikiwarudisha saa nne asubuhi, kwani yeye aliamka saa kumi.