Mkienda kwa Wazee, Kaeni Kitako

Wadogo zangu, leo nina ujumbe wa binti mmoja wa Dar es Salaam. Yeye na wenzake wa kikoba wamemaliza mzunguko wa mwaka, na badala ya kugawana faida yote na kwenda kula ufukweni wameamua kutenga sehemu yake wakawaone wazee wa makazi ya Nunge, Kigamboni. Fulana zimeshachapwa, keki imeshaagizwa, spika ipo, mpiga picha yupo. Ananiuliza, "Dada, tununue nini kingine?"

Mdogo wangu, kwanza hongereni. Kikundi cha mabinti kukumbuka wazee wasiowazaa ni jambo la kujivunia, na Mungu awaongezee. Ila kwa swali lako jibu langu ni hili: msinunue kingine. Punguzeni hata hivyo mlivyopanga, na muda mliopanga kukaa uongezeni mara tatu.

Nieleze kwa nini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inataka atunzwe na familia na jamii yake. Makazi ni ya yule aliyekosa wa kumtunza kabisa. Kwa hiyo mnapoingia Nunge, au Kolandoto kule Shinyanga, au Fungafunga pale Morogoro, Kilima ya Bukoba, Njoro ya Kilimanjaro, Bukumbi ya Mwanza, au mkavuka bahari mkafika Sebleni na Welezo za Unguja na Limbani ya Pemba, mjue mnaingia kwa watu ambao wengi wao Jumapili haina mgeni na Idi haina mjukuu. Chakula wanapewa, mahali pa kulala wanapo. Anachokosa kila mmoja ni mtu aliyekuja kwa ajili yake yeye, kwa jina lake.

Na kila mmoja amefika pale kwa njia yake. Enzi za ukoloni vijana walitolewa Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji, wakapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Mikataba ilipoisha wapo waliorudi kwao, na wapo waliobaki, wakahama shamba hadi shamba mpaka nguvu zikaisha na njia ya kurudi nyumbani ikafutika. Unguja na Pemba nako watu walivuka kutoka bara kufuata karafuu. Kanda ya Ziwa kuna jambo zito zaidi: bibi mwenye macho mekundu ameweza kuitwa mchawi na watu wa kijiji chake mwenyewe, akakimbia kuokoa roho yake, wakati wekundu ule ni wa moshi wa miaka mingi jikoni. Wengine wamezika watoto wote.

Ndiyo maana kuna swali moja nawaomba mliache getini. "Bibi, watoto wako wako wapi?" Tunaliuliza kwa huruma, lakini linamrudisha mtu kaburini au mahakamani. Akitaka kusema, atasema mwenyewe siku ya tatu au ya nne mkishazoeana. Muulizeni alikulia wapi. Kwao walikuwa wanalima nini? Alicheza ngoma gani alipokuwa msichana? Nani alimfundisha kusuka ukili? Kazi gani aliifanya akasifiwa? Mzee aliyekuwa dereva wa lori miaka ya sitini atawapa barabara yote ya Dar hadi Mbeya, mlima kwa mlima, na mtatoka mnajua nchi yenu kuliko mlivyoingia.

Mnaweza pia kwenda mkiwa na haja. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu sioni likifanyika vya kutosha. Mzee wa makazini anapokea kutwa: anapokea uji, anapokea dawa, anapokea sabuni kutoka kwa wageni, na kila mara anasema ahsante. Hakuna anayemwomba kitu. Basi mwombeni. Mwombeni awafundishe bao, tena bao lenyewe la kete 64, lile linaloumiza kichwa. Mwombeni awaonyeshe jinsi wanavyopika mboga za kwao, mwombeni jina la mtoto anayetarajiwa kuzaliwa na mmoja wenu, mwombeni dua. Kumwomba mzee dua ni kumrudishia kiti chake.

Kuhusu mikono. Baadhi ya makazi yetu yana historia ya ukoma, na mtakutana na wazee ambao vidole vimekatika na nyayo zimeharibika. Wageni wengi wakifika hapo husita, wakapunga mkono kwa mbali huku wakitabasamu, na yule mzee anaelewa vizuri sana. Sikieni: ukoma unatibika. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya dawa mseto, ambayo mgonjwa humaliza kwa miezi 6 au 12, na aliyetibiwa haambukizi. Tena hata kwa asiyetibiwa, ukoma hauenezwi kwa kushikana mkono. Kilichobaki kwenye mkono wa yule mzee ni kovu. Mwamkie, "Shikamoo," unyooshe mkono wako wote, uushike wa kwake kama ulivyo, na usiuachie upesi. Kuna watu pale wamekaa miaka bila kuguswa na mtu asiyekuwa mhudumu.

Tukiwa kwenye kugusana: mwenye ujuzi wa kusuka aje na kitana na mafuta. Mwenye kujua kupaka hina aje na hina. Kichwa kikisukwa mtu anakaa saa nzima miguuni kwako, na maneno yanatoka yenyewe. Kucha za miguu tu msizikate kabla ya kumuuliza muuguzi, kwa sababu wapo wenye kisukari na kidonda kidogo kwao ni balaa kubwa.

Kisukari hicho hicho ndicho kinachonifanya niseme juu ya keki na katoni za soda. Presha na sukari ni za kawaida kwa umri ule, na meno nayo yameshaondoka. Ulizeni kabla ya kununua. Pigeni simu, mzungumze na afisa mfawidhi wa makazi, mumuulize mwezi huu kimepungua nini. Mara nyingi mtasikia vitu ambavyo hamkuviwaza: shuka, nepi za watu wazima, ndala zisizoteleza, kanga na misuli, betri za redio. Ndizi mbivu na papai mzee anazila bila shida. Mmoja atawaomba ugoro. Kabla hamjashtuka na kuanza kumhubiria mtu wa miaka 85, muulizeni muuguzi.

Kibali nacho ni lazima, wala msione ni usumbufu. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au kwa mfawidhi mwenyewe, semeni mko wangapi na mnakuja lini. Mwenye mafua abaki nyumbani. Na mnapogawa mlichobeba, wakumbukeni walezi. Ni wachache, wanageuza watu kitandani usiku, wanaosha mashuka, na wageni huwapita kama nguzo. Wasalimieni kwa majina.

Sasa mpiga picha. Mdogo wangu, mwache. Najua mnataka kumbukumbu, na najua wengine husema picha zinahamasisha watu wengine watoe. Lakini fikiria ni mama yako mzazi, ameshikishwa mche wa sabuni, kanga imemtoka begani, wasichana wanane wenye fulana mpya wamemzunguka wanacheka, na picha iko mtandaoni kabla hamjafika kivukoni kurudi mjini. Yeye hakuulizwa. Hajui mtandao ni nini, na yule ndugu ambaye yeye alimkimbia huko alikotoka huenda ndiye atakayeiona. Picha ambayo nitaibariki ni ile ambayo mzee mwenyewe ameitaka, akajipanga, akafunga kilemba chake, nanyi mkaisafisha studio na kumletea mkononi mwezi unaofuata. Mtu asiye na picha hata moja ya maisha yake akipata hiyo, anaiweka chini ya mto.

Spika nendeni nayo. Ila nyimbo zilizo kwenye simu zenu muda huu ziacheni. Bibi wa miaka 80 leo alikuwa msichana wa ishirini na kitu wakati Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wanatikisa nchi, na wa Unguja amekulia taarabu. Tafuteni zilipendwa, tafuteni Culture Musical Club, tafuteni kwaya za zamani na kaswida, kisha muulizeni anataka ipi. Nyimbo za ujana hukaa sana kichwani. Nimemwona mama aliyekuwa hajui ni siku gani wala yuko mkoa gani akiimba wimbo mzima, beti zote, bila kukosea, na mkono ukipiga mapigo juu ya goti. Sauti iwe ya wastani. Masikio yakizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo hata mnapozungumza, kupiga kelele hakusaidii. Kaa mbele yake akuone mdomo, shusha sauti iwe nzito kidogo, sema taratibu. Na usiseme naye kama mtoto mchanga. Yeye ni mtu mzima kukuzidi.

Mtakutana na wenye ugonjwa wa kusahau. Mmoja atakushika mkono akuite Asha, akuulize mbona umechelewa kutoka kisimani. Usibishane naye na usimcheke. Huna haja ya kujifanya Asha pia. Mwambie, "Nieleze habari za Asha," umsikilize. Wengine Kiswahili huwatoroka wakarudi kwenye lugha ya mama, Kihaya, Kisukuma, Kimakonde. Kama kikobani kwenu yupo anayeijua lugha hiyo, basi yeye ndiye zawadi kubwa kuliko katoni zote mlizobeba, mkalisheni hapo na msimwondoe mpaka jua lizame.

Na dini yake muiheshimu kama mnavyotaka yenu iheshimiwe. Anayetaka kuombewa ataomba.

Nimelibakiza lililo kubwa. Wageni huja kwa mafungu. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, makazi yanajaa. Krismasi yanajaa, mwezi wa Ramadhani futari zinapishana mlangoni. Kisha inakuja miezi isiyo na sikukuu, mvua zinaanza, na hakuna mtu. Mlipanga kwenda watu thelathini siku moja. Gawanyikeni. Nendeni watano watano, siku ya kawaida, mwezi baada ya mwezi, kila mmoja wenu awe na mzee wake. Mtu akishajua kwamba kuna binti anakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku zake zinapata hesabu. Anaoga mapema. Anamwekea habari. Anamnunia akichelewa, na kununiwa na bibi ni dalili njema kabisa.

Kwa sababu hiyo neno "tutarudi" msilitamke hovyo. Sisi tukilisema ni kama kwaheri, tunalisema tukiwa tumeshashika mkoba. Yeye analihesabu. Kama hamtarudi, semeni, "Tumefurahi kuwaona, Mungu awalinde," muondoke kwa heshima. Kama mtarudi, tajeni siku, na siku hiyo mfike, hata kama ni wawili tu na mikono mitupu.

Na lipo hili, ambalo vijana hamlipendi. Siku moja mtafika mkute kitanda kina mtu mwingine. Mzee asiye na ndugu huzikwa na makazi, pamoja na watu wa msikitini au kanisani, na mara nyingi wanaomsindikiza ni wachache kuliko hata wabeba jeneza wanaohitajika. Kwa hiyo mkishazoeana, acheni namba ya simu kwa mfawidhi na mwambieni wazi: likitokea la kutokea kwa bibi huyu, nipigieni, mimi ni mtu wake. Mkipigiwa, nendeni. Vaeni kanga, kaeni msibani kama mnavyokaa misiba mingine, mrushe udongo, msimulie alivyokuwa mkali kwenye bao. Naye aondoke duniani akiwa na waombolezaji wake.

Basi mdogo wangu wa kikoba, fulana zivaeni siku nyingine. Kesho asubuhi piga simu Nunge, omba kibali cha watu watano, uliza kimepungua nini, na mkiwa hapo kikobani pangeni kabisa zamu za mwaka mzima, kuanzia mwezi huu, miezi isiyo na sikukuu ikiwemo. Nanyi wa Tanga, Musoma, Bukoba, Mwanza na Pemba, ulizeni makazi yaliyo karibu nanyi yako wapi, mwende. Mkishapata wazee wenu niandikieni, nitapenda kujua majina yao.