Mbio Ndefu za Milimani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujiandikisha

Marathoni ina urefu wa kilomita 42.195. Mbio zozote zinazozidi umbali huo huitwa ultramarathoni; nyingi huwa za kilomita 50, 80, 100 au 161. Zinapopitia vijia vya milimani na msituni, hatari huongezeka, kwa sababu mkimbiaji hukaa saa nyingi mbali na barabara, zahanati na hata mtandao wa simu. Vijana wanaotaka kushiriki, viongozi wa vikundi vya michezo na wakazi wanaoishi kando ya njia hizo wanaweza kujifunza kutokana na mkasa uliotokea China.

Yaliyotokea Gansu

Mnamo Mei 22, 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo la Jingtai, mkoa wa Gansu. Walianza saa tatu asubuhi. Kufikia adhuhuri, wale wa mbele wakiwa wanapanda mlima, upepo mkali, mvua ya baridi na mvua ya mawe viliwakuta. Wengi walikuwa na fulana na kaptura tu, kwa kuwa jaketi la kuzuia upepo halikuwa kifaa cha lazima. Wakimbiaji 21 walifariki, akiwemo Liang Jing, aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa mbio hizo nchini China.

Mchungaji mmoja wa eneo hilo, aliyekuwa amejikinga na mvua pangoni, aliwaingiza wakimbiaji sita, akawasha moto na kuwafunika kwa blanketi. Wote sita walipona. Uchunguzi wa serikali ulilaumu hali mbaya ya hewa na pia maandalizi duni, na mashindano ya aina hiyo yakasimamishwa nchini humo.

Baridi huuaje mwanariadha mwenye nguvu?

Mkimbiaji hutoa joto jingi anapokimbia. Akichoka na kupunguza mwendo, joto hilo hupungua huku nguo zilizolowa na upepo vikiendelea kulinyonya. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, huongea kwa shida, hujikwaa na kufanya maamuzi yasiyofaa. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi.

Hili si jambo la China pekee. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Asubuhi yenye jua bondeni inaweza kuwa alasiri ya ukungu na mvua ya baridi kwenye miinuko ya Mlima Kenya, Aberdare au Cherangani.

Maji, chumvi na dawa

Kukosa maji ni hatari, lakini kunywa maji kupita kiasi ni hatari pia. Maji matupu mengi hupunguza kiwango cha chumvi kwenye damu. Ubongo huvimba, na mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa na hata kupata kifafa. Kanuni salama ni kunywa kwa kufuata kiu na kula njiani tangu mapema. Ndizi, viazi vilivyochemshwa na chumvi kidogo, au chapati vinafaa. Dawa za maumivu aina ya ibuprofen zisitumiwe wakati wa mbio, kwani zinaweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa na maji.

Maandalizi ya mkimbiaji

• Aongeze umbali polepole kwa miezi kadhaa, akifanya mazoezi kwenye miteremko na usiku pia.
• Apande miinuko mikali kwa kutembea. Hata mabingwa hufanya hivyo ili kutunza nguvu.
• Abebe jaketi la mvua, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, filimbi, tochi ya kichwani, chakula cha akiba na simu yenye chaji.
• Asikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na amwachie mtu wa nyumbani ratiba yake.
• Akubali kurudi. Mlima hautahama.

Wajibu wa waandaaji na wakazi

Waandaaji wahakikishe kila mkimbiaji anahesabiwa katika kila kituo, wataje vifaa vya lazima na kuvikagua, na wawe na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mbio hewa inapobadilika. Njia ikipita msituni au mbugani, kibali cha taasisi husika kitafutwe mapema.

Mkazi akimkuta mkimbiaji anayetetemeka au kuongea ovyo, amwondoe kwenye upepo, amvue nguo zilizolowa, amfunike kwa kitu kikavu pamoja na kichwa, na ampe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Asimpe pombe wala kumsugua mikono na miguu. Kisha apige simu 999 au 112 bila malipo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni sehemu gani za njia zetu za mazoezi ambazo gari haliwezi kufika?
2. Nani anajua idadi ya walioondoka asubuhi, na nani huwahesabu wanaporudi?
3. Mvua ikinyesha ghafla, makao ya karibu ya kujikinga yako wapi?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la pili kianze na daftari na kalamu kabla ya mazoezi yajayo.